Nguvu Hutangulia Msuli

Kila tarehe 1 Januari watu wa Unguja hutimiza ada ambayo sasa imekwisha kuota mizizi: vikundi vya mazoezi kutoka mitaa ya mjini na vijiji vya shamba, wazee kwa vijana, wake kwa waume, huamka alfajiri kuadhimisha Siku ya Mazoezi Kitaifa, wakatembea kwa miguu hadi uwanjani huku wakiimba, na siku hiyo inapokwisha, vikundi vile hupokea wanachama wapya walioazimia, wengine kwa nasaha ya daktari na wengine kwa ikhtiari yao wenyewe, kwamba mwaka huu mwili hautaachwa ukae kitako. Ni katika msimu huo ndipo ilipoandikwa barua iliyonifikia kutoka kwa binti mmoja wa huko, aliyehitimu mafunzo ya ualimu wa mazoezi na kukabidhiwa kikundi chake cha kwanza, kikundi cha akina mama watu wazima ambao baadhi yao ni rika la mama yake mzazi. "Nikisimama mbele yao," aandika, "kinywa kinakauka na sauti inatetemeka, na nina hakika wote wananiona. Cheti ninacho, lakini najihisi mlaghai. Je, ningoje mpaka nijiamini ndipo nifundishe, au nifundishe nikiwa katika hali hii hii?"

Swali hili ni zuri kwa sababu linauliza habari ya utaratibu: lipi hutangulia, kujiamini au kutenda? Wengi wakiulizwa hujibu papo hapo kwamba moyo hutangulia na mkono hufuata. Na madhali wameamini hivyo, hungoja, na kadiri wanavyongoja ndivyo hofu inavyozidi kunenepa. Makala haya yana neno moja tu la kumwambia binti huyu, nalo ni kwamba elimu ya mwili, ile ile aliyoisomea, imekwisha kulijibu swali lake ndani ya misuli ya wanafunzi wake, na jibu lenyewe lina manufaa kuliko faraja yoyote ninayoweza kumtungia.

Yako mambo mawili nitakayoyapita upesi. La kwanza ni habari za adrenalini, za moyo kwenda mbio na viganja kutoka jasho, ambazo Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alizieleza barabara katika kitabu chake cha mwaka 1915, na ambazo tangu hapo zimerudiwa mara nyingi hata hazina tena cha kumfunza mtu aliyekwisha kusimama mbele ya watu. La pili ni hiyo hisia ya ulaghai. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake zaidi ya 150 waliokuwa na shahada, vyeo na sifa zilizothibitishwa na watu wengine, ambao juu ya hayo yote waliamini kwamba wamewahadaa waliowasifu na kwamba siku yoyote siri ingefichuka. Binti wetu na atosheke na hili, kwamba hisia ile iliwakalia watu wenye uwezo wa kweli, na kwa hiyo haifai kuitwa shahidi pale uwezo wa mtu unapopimwa.

Aliyeukaribia mzizi wa jambo alikuwa Albert Bandura, mwana wa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki, aliyezaliwa mwaka 1925 katika mji mdogo wa Mundare huko Alberta, Kanada, akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford maisha yake ya kazi karibu yote. Mwaka 1977 Bandura alichapisha insha iliyoeleza kwamba kinachoamua kama mtu atalishika tendo gumu, atalitilia juhudi kiasi gani, na atavumilia muda gani akikutana na vikwazo, ni hukumu anayoitoa yeye mwenyewe juu ya uwezo wake wa kulitenda tendo lile lile. Hukumu hiyo inahitaji jina, na nimejaribu majina kadhaa kabla ya kuridhika. "Kujiamini" ni pana mno, maana mtu huweza kujiamini kwa nasaba yake au kwa mali yake asiweze kutenda lolote. "Uthubutu" humfaa hata yule arukaye majini asijue kuogelea. "Imani" ina makao yake matukufu na haipendezi kuitoa humo. Basi nitasema *yakini ya kutenda*, kwa kuwa yakini hujengwa kwa ushahidi, na kwa kuwa anayelitumia jina hili hulazimika kulitaja tendo lenyewe. Hakuna yakini ya jumla. Iko yakini ya kuhesabu kwa sauti mbele ya watu thelathini, iko yakini ya kumrekebisha mtu mzima bila ya kumfedhehesha, iko yakini ya kumzuia mtu aliyechoka asiendelee. Na mtu mmoja aweza kuwa na ya kwanza akakosa ya pili.

Bandura alitaja chemchemi nne ambamo yakini hiyo huchimbuka: tendo ulilolitenda mwenyewe likafaulu, tendo ulilomwona mwenzako, aliye kama wewe, akilitenda, maneno ya mtu unayemsadiki, na hali ya mwili wako kama unavyoifasiri. Katika nne hizo aliipa ya kwanza nguvu kuliko zote, na hakuipa kwa dhana tu. Yeye na wenzake waliwakusanya watu wazima waliokuwa wakiogopa nyoka kupita kiasi. Baadhi yao wakamtazama mtu mwingine akimshughulikia nyoka mkubwa wa jamii ya boa, na baadhi wakaongozwa wamshike wenyewe, hatua kwa hatua, msaidizi akiwa ubavuni mwao. Waliotenda walitoka na yakini kubwa kuliko waliotazama, na kiwango cha yakini ya kila mmoja kilitabiri vizuri sana kile ambacho angeweza kukitenda alipopewa mtihani. Na litazamwe hili kwa makini: hakuna aliyeambiwa angoje nje ya mlango mpaka hofu imtoke. Waliingia pamoja na hofu yao, na hofu ilitoka kwa sababu mkono ulikuwa umekwisha kugusa.

Lakini kusema kwamba tendo huzaa yakini ni kueleza kwamba jambo huwa; haijawa kueleza jinsi linavyokuwa. Hapo ndipo ninapotaka kumshika msomaji mkono na kumwingiza ndani ya msuli, maana huko limo jambo ambalo, tangu nilipolisoma, sijaliona jingine katika elimu ya mwili linalolishinda kwa uzuri.

Mtu asiyewahi kufanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito akianza leo kunyanyua kwa mkono wake, baada ya majuma mawili au matatu nguvu zake zitakuwa zimeongezeka kwa kiasi cha kupimika, ilhali ukimzungushia mkono utepe wa fundi cherehani huoni tofauti ya maana. Msuli haujakua, na nguvu imeongezeka. Imetoka wapi? Dalili ya kwanza ilionekana mwaka 1894 katika Chuo Kikuu cha Yale, ambapo Edward Scripture na wasaidizi wake waliufanyisha mazoezi mkono mmoja tu, wakauacha wa pili upumzike, na walipoipima mikono yote miwili wakakuta kwamba hata ule uliopumzika umeongezeka nguvu. Mkono ambao haukufanya kazi hauwezi kuwa umenenepa. Kwa hiyo kilichofunzwa kilikuwa mahali pengine, mahali ambapo mikono yote miwili hupokea amri zake. Mwaka 1979 Toshio Moritani na Herbert deVries waliifuata dalili hiyo kwa vipimo vya kisasa zaidi: waliwapa watu majuma 8 ya mazoezi ya kukunja kiwiko, wakawabandika juu ya ngozi vipokezi vinavyosikiliza umeme mdogo ambao msuli hutoa unapofanya kazi, na kwa kulinganisha umeme, nguvu na ukubwa wa msuli wakaweza kutenganisha sehemu ya ongezeko iliyotokana na mishipa ya fahamu na sehemu iliyotokana na nyama yenyewe. Mwanzoni karibu ongezeko lote lilikuwa la mishipa ya fahamu; nyama ilianza kushika usukani taratibu, baada ya majuma 3 hadi 5 ya kwanza.

Ili tufahamu mishipa hiyo ilijifunza nini, yatupasa tujue kwamba msuli hauamriwi wote kwa pamoja. Kutoka katika uti wa mgongo hushuka nyuzi za neva, na kila uzi mmoja hutawala kikosi chake cha nyuzi za msuli, kingine kidogo chenye nyuzi chache na kingine kikubwa chenye mamia. Na Elwood Henneman wa Harvard alibainisha kwamba vikosi vidogo huitwa mwanzo, na vikubwa huitwa mwisho, haja inapozidi.

Msomaji wa pwani na alifikirie jahazi linalopandishwa ufukoni ili tumbo lake likwanguliwe na kupakwa deheni. Serahangi amepewa mabaharia ambao bado hawajazoeana. Siku ya kwanza anatoa amri, na tazama kinachotokea: kundi dogo lililo karibu naye linashika amari na kuvuta, lakini wale wenye vifua vipana wamelala kivulini, amri haijawafikia masikioni, walioshika nao hawavuti kwa pamoja, huyu anavuta mwenzake akipumua, na kubwa kuliko yote, huko tezini kuna watu wameshika kamba nyingine, kamba ya kuzuia, na kwa kuogopa kwamba jahazi likija kwa kasi litalala ubavu na kuvunjika mataruma, wanaivuta kwa nguvu zao zote kuelekea baharini. Jahazi linatikisika, halisogei. Apitaye njia akitazama atasema kwamba mabaharia hawa ni dhaifu, au ni wachache, na kwamba mwenye chombo hana budi kuajiri wengine.

Serahangi mwenye akili haajiri mtu. Kwanza anapaza sauti hata waliolala kivulini waamke, na wale wenye vifua vipana, ambao walikuwepo tangu mwanzo, washike kamba. Kisha anaanzisha wimbo, ili mikono yote ikaze kwa neno moja na ilegee kwa neno moja. Mwisho anakwenda tezini akazungumza kwa upole na watu wa kamba ya kuzuia. Hawaambii waitupe, kwa sababu jahazi lisilo na mtu nyuma yake kweli litalala ubavu, bali anawafundisha kuilegeza wenzao wa mbele wanapovuta na kuikaza pale tu chombo kinapoyumba. Baada ya siku chache jahazi linapanda mchangani, na mabaharia ni wale wale, hesabu yao haikuongezeka hata mmoja. Baadaye sana, kazi ikiendelea na chakula kikiwa kizuri, ndipo mabaharia wenyewe watakapojaa misuli.

Kila kilichofanywa na serahangi hufanywa na ubongo na uti wa mgongo katika majuma ya mwanzo. Vikosi vikubwa ambavyo havikuwa vikiitwa huanza kuitwa. Neva hupeleka amri kwa mfululizo wa haraka zaidi. Na watu wa tezini, ambao ndio walioniteka moyo, hufundishwa kulegeza. Watu hao ni msuli pinzani. Msuli wa mbele wa mkono unapokunja kiwiko, ule wa nyuma, ambao kazi yake ni kukinyoosha, hupaswa kutulia. Lakini kwa mtu mgeni wa zoezi hautulii, hukaza pamoja na mwenzake, hata sehemu ya nguvu ya mtu huyo ikatumika kupigana na nguvu yake mwenyewe. Hufanya hivyo kwa hadhari, kwa kuwa ubongo haujajua kama kiungo kitakuwa salama. Mwaka 1992 B. Carolan na Enzo Cafarelli, waliokuwa wakichunguza watu waliofanya mazoezi ya kunyoosha goti, waliona kwamba mvuto wa misuli ya nyuma ya paja, ile inayolikunja goti, ulipungua mapema kabisa, tangu juma la kwanza. Kwa hiyo katika mambo ya mwanzo ambayo mwili hujifunza, limo hili: kupunguza nguvu inayoelekezwa dhidi yake wenyewe.

Na kwamba nguvu ile iliyozuiwa ilikuwemo tangu zamani, ikingoja ruhusa, kulikwisha kuonyeshwa mwaka 1961 na Michio Ikai na Arthur Steinhaus, ambao waliwaweka watu wakikunja kiwiko kwa nguvu zao zote mara kwa mara, na pasipo kuwaonya wakafyatua bastola ya mbio nyuma yao, au wakawaambia wapige ukelele huku wakivuta. Nguvu zilipanda. Mlio wa bastola haumwongezei mtu hata uzi mmoja wa msuli. Ulichofanya ni kuondoa kizuizi kwa dakika ile. Lakini bastola ni ufunguo wa wizi, kwani athari yake hupita. Mazoezi hufungua mlango ule ule kwa ufunguo halali, na mlango hubaki wazi.

Sasa binti wetu na airejee barua yake. Maarifa ya kupanga somo anayo, mwendo sahihi wa kuchuchumaa anaujua, tofauti ya kuchoka na kuumia anaijua. Wenye vifua vipana wamo kundini. Anapofungua kinywa, upande mmoja wa nafsi yake huvuta mbele na kusema "simameni, tupashe mwili moto", na upande wa pili, kwa kuogopa fedheha, hukaza kamba ya nyuma na kuuliza: sauti yangu ikoje, wananionaje, je wakinicheka? Pande zote mbili zinatumia pumzi moja na fikira moja. Sauti inayotetemeka ni matokeo ya mvutano huo, na mwalimu mgeni akiisikia hudhani, kama yule mpita njia, kwamba hana uwezo wa kutosha, kwamba imlazimu arudi chuoni akatafute cheti cha pili na cha tatu. Nafsi ina mambo mengi kuliko kiwiko, lakini kwa habari ya utaratibu vinafanana: mgeni wa kazi hupata nguvu ya kwanza kwa kuacha kujizuia, na kujizuia hakuachwi kwa kufikiri, huachwa kwa kurudia tendo lenyewe likiwa na uzito mdogo.

Uzito mdogo ndiyo siri. Hakuna mwalimu wa mazoezi, hata mgeni kabisa, ambaye angemkabidhi mama wa miaka hamsini na kitu chuma kizito siku ya kwanza. Angempa kipimo anachokiweza, akakiongeza kidogo kidogo, kama alivyofanya daktari Thomas DeLorme alipowatibu askari wa Marekani mwaka 1945 na kuuweka msingi wa mazoezi ya kuongeza uzito kwa daraja. Ajabu ni kwamba mwalimu yule yule hujitwika yeye mwenyewe chuma kizito kuliko vyote: saa nzima mbele ya watu thelathini, nyimbo mpya, mazoezi mapya kila siku, na sharti kwamba asikosee. Na ajipimie kama anavyowapimia wengine. Somo moja lenye mazoezi matano, lirudiwe lile lile majuma kadhaa. Sehemu ya kupasha mwili moto aiongoze yeye na sehemu ngumu aiongoze mwenzake mwenye uzoefu, kisha juma linalofuata achukue sehemu nyingine. Deborah Feltz wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, ambaye mwaka 1999 yeye na wenzake walitunga kipimo cha yakini ya makocha, aligawa kazi ya ukocha katika mafungu manne, yaani kuwatia watu hamasa, kupanga mbinu za mchezo, kufundisha ufundi wa mwili, na kujenga tabia njema. Na makocha aliowapima hawakuwa sawa katika mafungu yote. Binti wetu naye ajiulize ni fungu lipi hasa linalomtetemesha, maana shaka iliyotajwa jina na mahali ni ndogo kuliko shaka iliyoenea mwili mzima.

Liko jambo la pili la kumfaa, nalo nitalionyesha kwa karibu. Mama mmoja wa kikundi, amevaa raba na trakisuti, mtandio umefungwa vizuri kichwani, anaambiwa achuchumae nusu. Anashuka, visigino vinainuka kidogo kutoka chini, magoti yanaingia ndani yakikaribiana, na uzito wote unakwenda vidoleni, ambapo hautamfikisha mbali kabla ya magoti kulalamika. Mwalimu anayeisikiliza sauti yake mwenyewe haoni kitu. Mwalimu anayevitazama visigino anaona mara moja, anasogeza kiti nyuma ya mama yule, anamwambia, "Mama, kaa taratibu mpaka uguse kiti, kisha sukuma sakafu uinuke." Visigino vinatulia, magoti yanafunguka, mama anainuka na kucheka. Hakuambiwa neno hata moja juu ya magoti yake, na hiyo ni hekima iliyothibitishwa: mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu kucheza juu ya mtambo unaoiga mwendo wa kuteleza juu ya theluji, wengine wakaambiwa waelekeze fikira katika miguu yao, wengine katika magurudumu ya mtambo yaliyo chini ya miguu, na hawa wa magurudumu wakajifunza vizuri zaidi. Tangu hapo jambo hilo limeonekana katika michezo mingi: fikira inayoelekea nje, kwenye athari ya tendo, huuacha mwili utende kwa wepesi; fikira inayoelekea ndani huufunga mwili kamba.

Basi mwalimu naye ana mwili, na kufundisha nako ni tendo. Fikira yake ikielekea katika ulimi wake, ulimi utafungika. Ikielekea katika visigino vya wanafunzi, ulimi utapata neno lake wenyewe, kwa kuwa visigino vinavyoinuka vinamwambia la kusema. Kila siku kabla ya somo na achague kitu kimoja cha kukitazama kwa wote, leo visigino, kesho mabega, kesho kutwa pumzi, na wakati wowote somo likimpotea asijue la kufanya arudi kwenye kitu hicho.

Ama kuhusu ile hakika yake kwamba wote wanamwona akitetemeka, iko habari njema. Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo vijana wa chuo waliionea haya, wakamwingiza katika chumba cha wenzake. Aliyevaa alikisia kwamba karibu nusu ya waliomo wameitambua picha ile, na kwa kweli walikuwa karibu robo. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Gilovich wakaendelea: waliwatia watu katika kazi ya kuhutubia, na baadhi yao wakawaeleza kabla kwamba wasiwasi wa msemaji hauonekani nje kwa kadiri anavyodhani yeye mwenyewe. Walioelezwa hivyo walihutubia vizuri zaidi, kwa hukumu yao wenyewe na kwa hukumu ya wasikilizaji pia. Kulijua jambo lile kulitosha kuilegeza kamba ya nyuma. Wale mama wa Unguja, wanapoambiwa wachuchumae, wana magoti yao ya kuyafikiria, na pumzi zao, na haya zao wenyewe za kuonekana wakihema. Sauti ya mwalimu ikitetemeka kidogo, aghalabu hawana nafasi ya kuihesabu.

Yapo ya kutahadharisha, nayo nayataja kwa ufupi: majaribio mengi katika haya yalifanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, mwenye hofu inayomzuia kula na kulala amwone daktari, na kamba ya nyuma isitupwe kabisa, maana David Dunning na Justin Kruger walionyesha mwaka 1999 kwamba wasiojua kazi huwa hawajui pia kiasi cha kutokujua kwao, na mwalimu asiye na shaka yoyote ndiye atakayemvunja mtu kiuno.

Kwa hiyo, mwanangu, usingoje. Shaka yako ipe saa yake na kazi yake: usiku unapotayarisha somo, iruhusu ikuulize maswali yote, nani ana shinikizo la damu, nani alifanyiwa upasuaji wa goti, zoezi gani lina hatari na mbadala wake ni lipi, na maswali hayo yakishajibiwa katika daftari, asubuhi haina tena la kukuuliza. Baada ya kila somo andika jambo moja tu ambalo mwanafunzi mmoja ameliweza leo na jana hakuliweza, aliyeinuka kitini bila ya kujishika, aliyemaliza mzunguko wa uwanja bila ya kusimama, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu mwenye hofu huhifadhi makosa na kusahau mafanikio, na yakini haijengwi kwa mafanikio yaliyosahauliwa. Majuma ya mwanzo utahisi kwamba hakuna kilichobadilika ndani yako, na itakuwa si kweli. Na mmoja wa wanafunzi wako atakapokujia mwishoni mwa juma la pili akalalamika kwamba anajitaabisha bure kwani haoni tofauti yoyote katika kioo, mweke kitini, mweleze habari za nguvu zinazotangulia msuli, kisha umwambie aje na kesho. Atakusadiki, maana utakuwa unamweleza jambo ambalo wewe mwenyewe uko katikati ya kulipitia.